Kila lori linalolala Singida lipewe ampea zake sita

Lori linalolaza mtu ni nyumba. Lina kitanda nyuma ya usukani, lina pazia, lina friji ndogo ya maji na dawa, lina feni, lina simu mbili zinazochajiwa, na siku hizi lina hata runinga. Mwenye nyumba ya vyumba viwili pale Mandewa haunganishiwi umeme mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA amalize kufunga nyaya, apige chuma cha arthi ardhini na kutia saini kwenye fomu. Nyumba hii yenye magurudumu, ikiegeshwa usiku Manyoni, Ikungi, Misuna au Shelui, inaunganishwa na utingo mwenye usingizi, kwa waya mwembamba uliopitishwa dirishani. Nasema jambo hili halikubaliki, na dawa yake ni nafuu kuliko wenye yadi wanavyodhani.

Mimi ni fundi umeme. Nilisomea VETA hapa hapa Singida, nikaanza kwa kufunga nyumba, kisha nikahamia kwenye magari kwa sababu barabara yenyewe ilileta kazi mlangoni. Mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita Morogoro na Dodoma, ikaingia mkoani kwetu Manyoni, ikapita Ikungi na Singida mjini, ikashuka mlima Sekenke wilayani Iramba, ndipo ikaendelea Nzega na Isaka. Madereva wengine hutokea Arusha kwa njia ya Babati na Katesh na kukutana na wa Dar es Salaam hapa mjini. Kwa wengi wao Singida ni mahali pa kulala. Nyumba za wageni zipo, lakini dereva haachi mzigo wa tajiri peke yake. Analala nao, kwenye kabini.

Asubuhi ndipo wanapokuja kwangu. Malalamiko ni yale yale: betri zimelala, inveta imeungua, plagi imeyeyuka, au "fundi, gari linapiga shoti nikishika mlango." Karibu yote yana chanzo kimoja. Hakuna aliyejumlisha wati za vifaa vyake.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Volti mara ampea unapata wati. Umeme wa nchi yetu ni volti 230, kwa hiyo ampea moja ni wati 230, na ampea sita ni wati 1,380. Kila kifaa kimeandikwa wati zake nyuma au chini. Friji ndogo ya gari hula wati 50 hivi inapofanya kazi, tena haifanyi kazi usiku kucha. Feni ni wati 50. Taa za LED mbili hazifiki wati 20. Simu mbili na kompyuta mpakato hazifiki wati 100. Vyote hivyo, ukiwasha kwa pamoja, havijamaliza hata ampea moja. Vinavyokula umeme ni vinavyopasha moto: birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200, jiko la koili la wati 1,500. Dereva anayejua mstari unaogawa makundi haya mawili ameshajua nusu ya anachohitaji kukijua.

Sasa tazama anachofanya dereva asiye na mahali pa kuchomeka. Njia ya kwanza ni betri. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zikatoa volti 24. Tuseme kila moja ina ampea-saa 200. Kwenye karatasi, hizo ni wati-saa 4,800, lakini betri ya asidi ukiinyonya zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo ulicho nacho kweli ni wati-saa 2,400, na sehemu ya hizo lazima ibaki ya kuwashia injini alfajiri. Anafunga inveta ya wati 1,000. Inveta hiyo ikibeba mzigo wake wote huvuta ampea 45 na zaidi kutoka kwenye betri, kwa sababu volti zikipungua ampea hupanda. Mtu akiifunga kwa waya wa taa ya nyumbani, waya unapata moto chini ya godoro la dereva. Na wapo wanaonunua inveta ya volti 12 kwa kuwa ni rahisi kuipata, wakaifunga kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inashuka peke yake kila usiku, alteneta inachaji zote mbili kana kwamba ziko sawa, na baada ya muda moja imekufa kwa njaa na nyingine kwa kushiba kupita kiasi. Tajiri ananunua betri mbili mpya na kumlaumu dereva.

Njia ya pili ni kuacha injini inaunguruma usiku kucha. Injini ya lori ikiwa imesimama hunywa lita mbili hadi tatu kwa saa. Kwa saa nane ni lita 16 hadi 24. Weka dizeli Sh2,500 kwa lita, ufanye hesabu kwa zile lita 16: Sh40,000 zimekwenda angani ili feni izunguke na friji ipoe. Kazi hiyo hiyo, pamoja na kuongezea betri chaji kidogo, haizidi yuniti mbili za LUKU, na yuniti moja kwa mteja wa kawaida haifiki Sh400 pamoja na kodi. Sh40,000 kwa upande mmoja, chini ya Sh800 kwa upande wa pili. Sijaongeza moshi wanaovuta wanaolala jirani, wala kelele, wala kuchakaa kwa injini.

Njia ya tatu ni jenereta dogo. Singida iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Jenereta lililokuwa na nguvu zake zote Dar es Salaam likifika hapa limepungukiwa na asilimia 15, nalo halijui. Linabebeshwa mzigo ule ule mpaka linazimika. La hatari zaidi ni moshi wake. Juni na Julai upepo wa Singida ni mkali na usiku ni baridi, hivyo watu hufunga vioo na kulisogeza jenereta karibu ili lisiibwe. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani ya kabini. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na haimwamshi aliyelala.

Ndiyo maana dereva mwenye akili anatafuta soketi. Anaomba kwa mwenye baa, analipa elfu mbili, anapewa ncha ya ekstensheni iliyotoka jikoni. Hapo shida zinabadilika, haziishi.

Tuanze na waya. Ekstensheni nyingi zinazouzwa mitaani zina waya wa milimita moja ya mraba, au chini yake. Ukiuvuta waya huo mita 50 mpaka kwenye lori na ukavuta ampea 10, utapoteza karibu volti 22 njiani. Umeme uliotoka jikoni volti 230 unafika volti 208. Hizo zilizopotea zimegeuka joto, wati 220 zinazopasha waya wenyewe, na kama waya huo umebaki umeviringishwa kwenye koili yake joto halina pa kutokea. Ndiyo maana koili zinayeyuka. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ukaukunjua wote, na ukavuta ampea sita tu, unapoteza volti zisizofika sita. Umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni unene wa waya na adabu ya mtumiaji.

Kisha kuna arthi, na hapa naomba kila mwenye yadi asome polepole. Lori limesimama juu ya mipira. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo bodi nzima ya gari imetengwa na ardhi. Waya wa moto ukichunika mahali ukagusa chuma cha gari, gari zima linakuwa na umeme na halionyeshi dalili yoyote. Aliye ndani hasikii kitu. Anayeumia ni anayesimama chini, miguu ardhini, mkono kwenye kitasa, maana yeye ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Katika yadi moja ya mkoa huu, ambayo sitaitaja, utingo alitoka kuoga na ndala zimelowa, akashika mlango. Aliokolewa na mwenzake aliyeichomoa plagi. Nilipofungua soketi ile nilikuta tundu la arthi halina waya wowote nyuma yake.

Watu huniambia: "Lakini kuna breka." Breka ya ampea 16 inalinda waya usiungue. Haimlindi mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita moyoni inatosha kuua, na breka ile haitaisikia kabisa. Tena Singida yetu ni nchi ya mawe na udongo mkavu. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi hukauka, na chuma cha arthi kilichopigwa futi mbili kwenye changarawe kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 au zaidi. Gawanya volti 230 kwa 50, utapata ampea 4.6. Umeme wote huo unavuja ardhini na breka ya ampea 16 imetulia, inaona kama mtu kawasha pasi. Kwa hiyo mahali petu, kuliko pengine popote, soketi ya nje lazima iwe na kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, kile mafundi tunachokiita RCD, cha miliampea 30. Kinalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi, na vikitofautiana kinakata kabla moyo haujavurugika. Dukani kipo. Fundi anakifunga kwa muda mfupi. Sijaona sababu ya yadi inayotoza malori fedha kila usiku kukikosa.

Hayo ni ya usalama. Sasa tuje kwenye ugawaji, ambako ndiko wenye yadi wanakoshindwa na kuamua bora wasitoe umeme kabisa. Wanasema: "Nikiwapa malori kumi umeme, laini itakufa." Ni kweli itakufa, kama kila mmoja atachomeka anachotaka. Chukua yadi yenye laini ya njia moja inayobeba ampea 60. Malori kumi yakivuta ampea 13 kila moja, ambacho ndicho kipimo cha plagi yetu ya kawaida, unahitaji ampea 130. Huna. Lakini ukigawa ampea sita kwa kila nafasi, malori manane yanachukua 48, zinabaki 12 za taa za yadi na friji la soda. Breka ya ampea sita kwenye kila nafasi ndiyo inayosimamia, hakuna haja ya mlinzi kuzunguka akigombana na watu. Anayechomeka birika la wati 2,000 anajikatia mwenyewe, jirani yake anaendelea kulala.

Sibuni jipya. Ulaya, ambako familia husafiri na magari yenye vitanda na majiko, viwanja vya kuegesha magari hayo vina nguzo fupi zenye soketi za buluu za pini tatu, na kila kiwanja kinatangaza mapema kinatoa ampea ngapi: kuna vya sita, vya kumi, vya 16. Mgeni anajua kabla hajafika kama atachemshia chai kwenye umeme au kwenye gesi. Marekani wana ngazi mbili kubwa: ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600, na ya ampea 50 inayofika wati 12,000, kwa kuwa magari yao yana viyoyozi juu ya paa. Nchi hizo zina tofauti nyingi, ila zinakubaliana kwa hili: uwezo wa soketi unaandikwa ukutani, na mwenye gari anajipanga kulingana nao. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme ni mali, na daftari lake ni ampea.

Hili linatuhusu hata kwa wageni. Watalii wenye magari ya kulala ndani hupita hapa wakitoka kaskazini kwa njia ya Babati wakielekea Mwanza na Rwanda, na baadhi huomba kulala uani mwa hoteli zilizo karibu na Ziwa Singidani. Gari lililotengenezewa Ulaya halina shida na volti 230 zetu, linahitaji plagi ya kubadilisha tu. Lile lililotengenezewa Marekani kwa volti 120, likichomekwa kwetu bila transfoma ya kushusha, linaweza kuunguza vifaa vyake kwa sekunde chache. Mhudumu wa hoteli anayeuliza swali moja, "gari lako ni la volti ngapi?", anaokoa mali ya mgeni na jina la mji.

Nirudi kwa madereva wetu, kwa sababu wao ndio wengi na ndio wanaonisukuma kuandika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mijadala yote inamtaja mama wa nyumbani, shule, magereza. Sijasikia anayemtaja dereva anayechutama kando ya tairi na jiko la mkaa, mita moja kutoka kwenye tangi la dizeli. Sufuria ya presha ya umeme ina wati kama 1,000. Hiyo ni ampea nne na kitu. Inaingia ndani ya zile sita, feni na friji vikiendelea, mradi chaja ya betri isubiri maharage yaive. Chakula cha watu wawili hakimalizi yuniti moja. Ampea sita, kwa mtu anayejua kupanga zamu ya vifaa vyake, ni jioni nzima ya maisha ya heshima.

Na ziko dawa. Ninao wateja wanaoishi na kisukari na wanaendesha kwa nidhamu kubwa. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Betri zikilala usiku wa manane, friji inazima, na mtu huyo bado ana mamia ya kilomita mbele yake. Gari la kuchangisha damu na gari la kliniki tembezi yana mahitaji hayo hayo yanapotufikia vijijini: mahali pa kuchomeka panapojulikana uwezo wake.

Najua pingamizi. La kwanza, umeme hukatika. Hukatika, ndiyo, lakini betri iliyochajiwa kwa saa tatu kabla ya kukatika ni bora kuliko isiyochajiwa kabisa, na ndiyo maana kila lori linalolaza watu linafaa kuwa na chaja ya ukutani ya volti 24. La pili, madereva wataiba yuniti. Mita ndogo ya kila nafasi inamaliza mabishano: soma jioni, soma asubuhi, lipa ulichotumia. La tatu, malori ya makontena ya baridi ya samaki na nyama yanahitaji umeme mkubwa. Hayo ni kundi jingine. Hutumia njia tatu, volti 400, na plagi yake ya ampea 32, na yadi inayotaka biashara hiyo iombe laini ya njia tatu na kuyatengea eneo. Tusiyatumie kama kisingizio cha kumnyima dereva wa kawaida feni yake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Singida iko mbali na umeme. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita hapa, na kituo chetu ndicho inapoanzia njia ya kwenda Arusha na Namanga hadi Kenya. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Umeme unaopita juu ya vichwa vyetu ni mwingi. Kinachokosekana ni mita 50 za mwisho, kutoka ukutani mpaka kwenye lori, zifungwe na fundi badala ya utingo.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa majina ya ofisi. Halmashauri za Manyoni, Itigi, Ikungi, Iramba na Manispaa ya Singida ziweke sharti kwenye leseni ya kila yadi ya malori: nafasi zenye soketi za nje zisizopungua robo ya nafasi zote, kila soketi na breka yake ya ampea sita, RCD ya miliampea 30, arthi iliyopimwa wakati wa kiangazi, na kibao kinachosomeka kikitaja volti na ampea. LATRA, inayosimamia usafiri wa ardhini, na wamiliki wa malori wakubaliane juu ya tundu moja la kuingizia umeme kwenye kabini, lenye kifuniko cha kuzuia mvua, ili waya usipite tena dirishani. Na VETA iongeze somo fupi la jioni kwa madereva na utingo kuhusu kusoma wati, kujumlisha, na kuchagua waya. Ni somo la siku moja, na mimi niko tayari kulifundisha bila malipo.

Mwenye yadi asiyetaka kusubiri sharti anaweza kuanza wiki hii na nafasi nne tu. Ampea 24 zinatosha, na laini yake ya sasa inaweza kuzibeba. Madereva huambiana; wakishajua mahali pa kulala bila kuwasha injini wala kuogopa kushika mlango, ndipo watakapoegesha. Mwenye yadi wa pili atafuata kwa sababu ya biashara, na wa tatu kwa aibu. Sheria ikija itawakuta wameshazoea.